Shaperoni inakunja protini. Sasa inaingiliaje chaneli za kalsiamu?

Bahati_Ibanda (Bukavu)
Jambo wakubwa. Niko mwaka wa pili wa tiba, na profesa wetu anapenda mtihani wa mdomo. Silabusi inasema shaperoni husaidia protini nyingine zijikunje vizuri. Ukurasa unaofuata: CSP (cysteine string protein, nayo ni shaperoni) hupunguza kalsiamu inayoingia kwenye ncha ya neva. Basi, imeishia hapo. Nimemuuliza asistanti, kaniambia nisome. Hizo kazi mbili zinakutana wapi?

Mwalimu_Katuba (Lubumbashi)
Mdogo wangu, anza na kalsiamu yenyewe. Nje ya seli ni milimola 1 hadi 2 kwa lita. Ndani, neva ikiwa imetulia, ni pungufu karibu mara 10,000. Chaneli, yaani mlango wa kalsiamu kwenye utando wa seli, ikifunguka kidogo tu, kalsiamu inaingia kwa kasi na vifuko vya kemikali za ujumbe vinamwagika kwenye sinapsi, pale neva inapokutana na seli nyingine.

CSP imejibandika kwenye vifuko hivyo hivyo, kwa mkia wa mafuta. Kwa hiyo iko jirani kabisa na chaneli. Ina sehemu iitwayo J, inayomwita Hsc70, shaperoni kubwa inayotumia ATP, nishati ya seli. Kwenye seli za maabara, CSP ilionekana ikishikana na Cav2.2, aina moja ya chaneli ya kalsiamu, na pia na protini G, inayopitisha ujumbe ndani ya seli. Ikiwapo, kipande cha protini G kiitwacho beta-gama kinaikaba chaneli, na kalsiamu inapungua. Ukiweka vipande vya huntingtini yenye kasoro, protini inayoleta ugonjwa wa Huntington, wa kurithi wa ubongo, CSP inazuiwa isishikane na protini G, na chaneli inaachiwa.

Lakini usiende kwa profesa na hiyo peke yake, atakukamata! Mwaka 2004 ilichapishwa kazi juu ya panya waliozaliwa bila CSP-alfa, aina kuu ya CSP kwenye ubongo. Wakiwa na siku kama 10, sinapsi zao zilikuwa nzima, kalsiamu ikiingia kama kawaida. Kufika siku 20, hali ikawa mbaya sana. Kama kushika chaneli ndiyo ingekuwa kazi yake kuu, kasoro ingeonekana tangu mwanzo. Baadaye ikajulikana kwamba CSP na Hsc70 wanaitunza SNAP-25, protini inayounganisha kifuko na utando. Bila matunzo hayo inajikunja vibaya na kuvunjwavunjwa. Mimi ningemjibu hivi: matengenezo kwanza, chaneli baadaye.

Mama_Furaha (Goma)
Samahani kuwaingilia, mimi ni muuguzi. Wagonjwa wetu wa sukari, miguu ikiwawaka moto usiku, wanaandikiwa gabapentini. Naskia nayo inagusa chaneli hizo. Inashika shaperoni?

Mwalimu_Katuba
Karibu Mama. Hapana, inashika alfa2-delta, ambayo ni kipande cha chaneli yenyewe. Ila kipande hicho ndicho kinachoisaidia chaneli ifike kwenye utando. Gabapentini haifungi mlango papo hapo. Inapunguza chaneli zinazofika.

Bahati_Ibanda
Aksanti sana mwalimu. Na akiuliza CSP ikiharibika kwa binadamu?

Mwalimu_Katuba
Hapo mtajie DNAJC5, jeni inayotengeneza CSP. Mwaka 2011 mabadiliko yake yalihusishwa na aina ya ugonjwa wa Kufs, wa kurithi wa ubongo: mtu mzima anaanza kupata kifafa, akili inapungua, viungo havimtii. Kopi moja yenye kasoro, ya baba au ya mama, inatosha.