Naomba ushauri: nianze na episodi ipi ya Mystery Science Theater 3000?

Habari zenu wakuu. Nataka kumwonyesha mdogo wangu kipindi hiki cha Marekani, kile ambacho jamaa na roboti wawili, Crow na Tom Servo, wanaitania sinema mbovu mwanzo mwisho. Nilifikiria episodi ya 1993 ya "Manos: The Hands of Fate", sinema ya 1966 iliyotengenezwa El Paso na muuza mbolea, Harold P. Warren. Naipenda mno, hasa yule Torgo na magoti yake makubwa! Ila sinema yenyewe inaburuta, na mdogo wangu amezoea sinema za kutafsiriwa za vibanda umiza, Kiingereza chake cha kuungaunga. Nimtafsirie papo kwa papo, au kuna episodi nyepesi zaidi? Nisaidieni, anakuja Jumamosi.