Naombeni ushauri: vinili etha, nibadili kiyeyushi au nishushe joto?

Wakuu habari za saa hizi, wale wa kemia ya polima msaada tafadhali. Napolimaizi isobyutili vinili etha (yaani naunganisha molekuli zake ndogo, monoma, ziwe minyororo mirefu) kwa njia ya kataioni hai, ile ambayo ncha ya mnyororo yenye chaji chanya inaendelea kukua bila kukatika, nataka minyororo ya urefu unaokaribiana, ila nikitumia dikloromethani kwenye nyuzi 0 mambo yanaenda mbio balaa, monoma inaisha chap halafu GPC (kipimo cha kutenganisha minyororo kwa ukubwa) inaleta kilima kipana chenye mkia, yaani urefu umetofautiana sana. Kwenye toluini inatambaa, kilima kinapungua upana ila bado.

Ninavyoelewa mimi kiyeyushi chenye upolari kinatenganisha ioni, kataioni inabaki huru, inakula monoma haraka lakini pia inapoteza protoni ya beta (ile ya kaboni iliyo jirani na yenye chaji) kirahisi na hapo mnyororo unakatika unaanza mwingine, na joto likipanda ndo inazidi. Supavaiza anasema shuka tu hasi 78 kwa barafu kavu na asetoni, sawa, ila barafu kavu huku kuipata ni shughuli nyingine kabisa.

Sasa nimesoma kazi za akina Higashimura na Sawamoto wa Kyoto, 1984 walitumia haidrojeni ayodaidi na ayodini, baadaye ikaja njia ya kuongeza ethili aseteti au dayoksani kutuliza kataioni hata bila baridi kali. Kuna aliyejaribu hii na ethilialuminiamu dikloraidi (asidi ya Lewis ya kuamsha mmenyuko)? Ethili aseteti niweke kiasi gani, na heksani inafaa badala ya toluini? Maji nishakausha kwa kalsiamu haidraidi, msinirudishe huko jamani.