Jiko la shule yetu Tanga: tuache kuni wakati bomba la mafuta linakuja Chongoleani?

Mpishi wa Makorora

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo habari zenu.

Mimi ni mpishi mkuu wa shule moja ya bweni hapa Tanga mjini. Wanafunzi wanakaribia mia tano na tunapikia kuni, majiko matatu ya matofali chini ya paa la bati. Lori la kuni linatokea upande wa Muheza: mara mikorosho iliyozeeka, mara mwembe, mara miti ambayo dereva mwenyewe hataki kuitaja. Masika kuni zinakuja mbichi, basi jiko linafuka tangu uji wa alfajiri hadi maharage ya mchana. Msichana anayenisaidia kusonga ugali anakohoa mwaka mzima. Hospitali wamemwambia akae mbali na moshi. Akae mbali vipi, na ndiyo kazi yake?

Serikali ilishaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia moja ziache kuni na mkaa. Bodi ya shule inakaa wiki ijayo na nimeitwa kueleza tunahamaje. Mjumbe mmoja ameshatangulia kusema: "Saruji inachomwa Pongwe, bomba la mafuta ya Uganda linakuja Chongoleani, na ninyi mnahangaika na sufuria la maharage!" Nilikosa la kumjibu. Wenye ujuzi nisaidieni kwa hesabu. Hewa chafu ya nchi hii inatoka wapi hasa, na jiko langu lina uzito gani humo?

Mstaafu wa Klinka

Marahaba mwanangu. Mimi kazi yangu ilikuwa tanuri la saruji mpaka nikastaafu, na huyo mjumbe anachanganya vumbi na hewa ukaa, ile gesi inayoongeza joto la dunia. Vumbi unaliona. Kichujio kikichoka, jirani anajua siku hiyohiyo kwa nguo alizoanika, na ana haki ya kulalamika. Hewa ukaa haionekani wala hainuki.

Klinka, yaani yale madonge yanayosagwa kuwa saruji, inaiva kwenye nyuzi 1,450 hivi. Makaa ya mawe yakiungua yanatoa hewa ukaa, hilo kila mtu analijua. Wengi wasilolijua ni kwamba jiwe la chokaa lenyewe linatoa zaidi ya moto unaolichoma. Hewa hiyo imefungwa ndani ya jiwe tangu pwani hii ilipokuwa chini ya bahari, ukilichoma, linaiachia. Kwa tani moja ya klinka, jiwe peke yake linatoa zaidi ya nusu tani, hapo hujagusa makaa. Hata tungepata umeme wa jua wa kutosha kuchomea, sehemu hiyo ingebaki palepale. Ndiyo maana saruji ni ngumu kuisafisha, na nyumba watu wanataka kujenga.

Kwako hakuna jiwe. Ugali unataka joto tu, na joto linapatikana kwa njia nyingine leo hii. Mjibu hivyo.

Mpishi wa Makorora

Asante sana baba. Na la bomba je? Maana ndilo alilolikazia.

Laini Kubwa

Dada, swali la bomba ni la haki, lijibiwe wazi. Ni kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, na mafuta yenyewe yana nta, lazima yawekwe kwenye joto la nyuzi kama 50 yasigande njiani. Likifikia kilele litapitisha mapipa 216,000 kwa siku. Pipa moja likichomwa linatoa takriban kilo 430 za hewa ukaa. Zidisha kwa mwaka mzima: zaidi ya tani milioni 33. Hizo ni nyingi kuliko zinazotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe yote yanayochomwa Tanzania kwa mwaka.

Ila kwenye hesabu ya Tanzania hazitaingia. Kanuni za kimataifa zinahesabu pale mafuta yanapochomwa, hazihesabu yanapopita. Mimi binafsi naona si sawa nchi ipokee pesa ya kupitisha kisha iseme moshi haunihusu, na nitaendelea kulisema kila nikipata nafasi. Lakini bomba lisimamishwe au lisisimamishwe, msaidizi wako bado atakuwa anakohoa.

Turudi kwenye umeme. Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla 2,115. Ya kwanza iliwashwa Februari 2024. Sisi Tanga tumekua na mitambo ya maji ya Hale ya megawati 21 na Pangani mpya ya 68. Mashine moja tu ya Rufiji inazipita hizo mbili zikijumlishwa, tena zaidi ya mara mbili. Sehemu kubwa ya umeme unaobaki ni wa gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay. Kwa hiyo ukipikia umeme wa Luku leo, sehemu kubwa unapikia nguvu ya maji.

Bei sasa. Ile shilingi 100 kwa yuniti ni ya mtumiaji mdogo wa nyumbani asiyevuka yuniti 75 kwa mwezi. Shule haimo humo, itapigwa 292, na kodi juu yake. Mpe mhasibu hiyo 292 tangu mwanzo. Na fundi aangalie kama mna fezi tatu, yaani laini ya umeme ya kubeba mzigo mkubwa.

Mzigua wa Handeni

Mimi nimekulia kwenye matanuri ya mkaa. Zaidi ya asilimia 80 ya nishati inayotumika nchini ni kuni na mkaa, kwa hiyo mjumbe wako akitafuta moshi wa Tanzania aje huku kwetu.

Unapanga magogo ya mgunga, unafunika nyasi, unafukia udongo, unawasha. Siku za mwanzo unatoka moshi mweupe mzito, hayo ni maji ya mti. Ukigeuka bluu mkaa umeiva. Ziba matundu upesi, la sivyo utafukua majivu. Kwa tanuri la udongo, kilo sita mpaka kumi za mti zinakupa kilo moja ya mkaa. Nyingine zote zimepaa, na si hewa ukaa peke yake, kuna methani humo, gesi nyingine inayoongeza joto la dunia. Serikali imewahi kutaja kama hekta 469,000 za misitu zinazopotea kwa mwaka. Mkaa hauli zote hizo, mashamba yanakula nyingi.

Nakuomba mawili, dada. Wachoma mkaa msiwaite wahalifu kwenye kikao. Kijana wa Kilindi anashika shoka mahindi yakikauka. Na msitoke kwenye kuni mkaingia kwenye mkaa mkidhani mmesafisha. Jikoni kwenu kutapoa moshi, porini kwetu utaongezeka.

Mkongeni

Kuna na biogesi, gesi itokanayo na taka zinazooza. Nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya jani la mkonge, na pale Hale mabaki yake yalishawekewa mtambo wa biogesi wa kilowati 150. Shule ya bweni ina vyoo na makombo kila siku. Biogesi haitasonga ugali wa watu mia tano, lakini uji wa wagonjwa na chai ya walimu inaweza.

Mpishi wa Makorora

Nimeyaandika yote kwenye daftari. Kuhusu bomba nitamwambia mjumbe ana haki ya kuuliza, na nitampa hizo tani milioni 33 kama zilivyo, kisha nitamrudisha jikoni.

Nitakachoomba ni hiki: maharage yahamie kwenye sufuria la presha la umeme, maana ndiyo yanayokula kuni kuliko chochote. Ugali uende kwenye gesi. Kuni zibaki kwa siku umeme ukikatika, nazo ziingie kwenye jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi nje ya paa. Na msichana wangu ahamishiwe stoo kuanzia sasa, asisubiri jiko jipya.

Bado kitu kimoja. Kuna aliyeliona sufuria la presha la umeme la lita 40 au zaidi likifanya kazi hapa Tanga? Fundi wake ni nani, na mpira wa mfuniko ukichanika unapatikana hapahapa au mpaka Dar? Najua hilo ndilo watakaloniuliza kwanza.