Mwezi wa 18 faili la Kanada halisogei, pesa zimefungwa benki na vipimo vya afya vimeisha muda

Wakuu, habari za jioni.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu nikijiambia nivumilie, lakini leo limenifika shingoni. Naandika nikiwa na hasira. Nitakayemkwaza anisamehe.

Mimi ni muuguzi, niko Mwanza, nina miaka 11 kazini. Julai 2024 nilipata mwaliko wa kuomba ukaazi wa kudumu Kanada kupitia Express Entry, yaani mfumo wao wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi, kwenye zile awamu za watu wa kada ya afya. Ukishaalikwa unapewa siku 60 uwe umeweka kila kitu: vyeti, barua za waajiri, cheti cha tabia njema, taarifa za benki za miezi 6. Mimi nimewahi kufanya kazi Muscat miaka miwili, kwa hiyo ilinibidi nipate na cheti cha polisi cha Oman nikiwa huku huku, kwa kumwandikia barua ya idhini dada mmoja niliyekuwa naishi naye kule ili anifuatilie. Wiki zile sikulala. Nilituma mwanzoni mwa Septemba 2024, siku zikiwa karibu kuisha. Ningekosea karatasi moja, faili lote lingerudi.

Kigezo walichojiwekea wenyewe ni kwamba maombi 8 kati ya 10 ya njia hii yamalizike ndani ya miezi 6. Huu wangu ni mwezi wa 18.

Najua kuna atakayesema miezi 18 si kitu, wengine wamengoja zaidi, tulia. Ndiyo maana nimefungua uzi. Watu wanadhani kungoja ni kukaa tu. Kungoja huku kunalipiwa, tena kila mwezi, na anayelipa ni sisi.

Nianze na pesa. Anayeomba kama mimi, bila mwajiri aliyemsubiri kule, lazima aonyeshe fedha za kuanzia maisha. Mwaka ule tunaomba, familia ya watu watatu ilitakiwa iwe na dola za Kanada 22,483. Kwa bei ya dola ya wakati ule hiyo ni kama shilingi milioni 45. Na si za mkopo, za mkopo hazikubaliki. Tuliuza kiwanja cha Buswelu tulichokinunua mwaka tuliofunga ndoa, mume wangu akatoa akiba yake yote ya SACCOS, tukajazia na nilichorudi nacho kutoka Oman. Ada za maombi zilikuwa nje ya hapo: dola 1,525 kwa kila mtu mzima, 260 kwa mtoto, 170 za alama za vidole kwa familia. Jumla 3,480, karibu milioni 7.

Kanuni inasema hizo fedha ziwepo siku unayoomba na ziwepo siku wanayokupa viza. Siku hiyo hakuna anayeijua. Wanaweza kukuandikia kesho wakitaka taarifa mpya ya benki, wanaweza kukuandikia mwakani. Kwa hiyo hugusi. Ni zako, zina jina lako, na huna ruhusa ya kuzigusa.

Aprili 2025 nikajifungua binti. Tulishukuru Mungu, na wiki hiyo hiyo nikiwa bado na maumivu nikaanza kupiga hesabu, maana familia ya watu wanne ilikuwa dola 27,297. Karibu dola 5,000 za nyongeza, na hazikopeki. Mume wangu akauza pikipiki yake pamoja na ng'ombe wawili wa baba yake, kwa idhini ya mzee. Hatujamaliza kupumua, Julai 2025 wakapandisha viwango kama wanavyofanya kila mwaka, ikawa 28,362. Tukatafuta tena. Lile faili lingeshughulikiwa ndani ya miezi 6, ningejifungulia kule au ningekuwa tayari nina jibu mkononi.

Sasa nisikilizeni hapa.

Juni 2025 mama yangu aliteleza uani alfajiri akivuta ndoo ya maji, akavunjika nyonga. Mama ana miaka 71. Bima ilibeba sehemu ya gharama, kile kipandikizi tukaambiwa tujilipie, na ukijumlisha na mengine tulitakiwa tutafute milioni 4 na laki 8. Mimi ni muuguzi, najua mzee aliyevunjika nyonga akilala kitandani muda mrefu kinachofuata ni nini. Vidonda vya mgongo, nimonia, damu kuganda. Nimewageuza wazee wa namna hiyo usiku kwa mikono yangu. Mama akawekwa mguu kwenye uzito, kamba imepita kwenye kapi, mfuko wa mchanga unaning'inia mwisho wa kitanda. Kila akijisogeza ule mfuko unagonga chuma cha kitanda.

Na mimi nina zaidi ya milioni 45 benki.

Kaka yangu mkubwa aliniita nje ya wodi akaniuliza kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, zile hela haziwezi kutoka hata kidogo tukarudisha baadaye?" Nikamweleza. Akatikisa kichwa akasema sawa. Sikumwona akiwa na hasira na mimi, na hiyo iliniumiza kuliko angenigombeza. Tukafungua kundi la ukoo kwenye simu, watu wakatuma elfu ishirini, elfu hamsini, shangazi mmoja wa Sengerema akatuma elfu tano. Ukoo mzima unajua nina pesa. Shangazi wa elfu tano anajua nina pesa. Siku 16 mama alikaa kwenye ule mfuko wa mchanga ndipo mchango ukatimia.

Alifanyiwa upasuaji, namshukuru Mungu, yuko kwangu sasa, anatembea na fremu. Lakini mimi zile siku 16 sitazisahau. Niliamua hivyo mwenyewe, simsingizii mtu. Ila niliamua hivyo kwa sababu kuna mahali faili langu limelala na hakuna aliyetaka kuniambia linaamka lini. Wangeniandikia mstari mmoja tu, "hatutagusa faili lako kabla ya Desemba", ningetoa zile fedha asubuhi ile ile na kuzirudisha kwa wakati. Mstari mmoja tu.

Ukiingia kwenye akaunti utakuta neno moja: inaendelea. Sehemu ya uchunguzi wa historia yangu inasema inaendelea tangu Februari 2025. Nimetuma ujumbe mara 6 kupitia fomu yao. Majibu yote 6 yana maneno yale yale, kwamba ombi liko katika hatua za kawaida na nisitume tena ujumbe wa kuulizia. Ofisi zao zikifunguliwa asubuhi, kwetu ni saa kumi au kumi na moja jioni, zinafungwa kwetu ikiwa ni usiku wa manane. Kwa hiyo barua pepe zao huja usiku. Mwaka mzima na nusu nimeingia zamu ya usiku simu ikiwa kwenye mfuko wa sare, ikitetemeka nakimbilia chumba cha dawa kuisoma. Ni tangazo la vocha. Ni mtu wa kikoba. Mume wangu ameniomba nizime arifa, siwezi.

Vipimo vya afya navyo vina yake. Vinadumu miezi 12. Vya kwetu tulivifanya Dar Novemba 2024, tukatoka na basi la usiku stendi ya Nyegezi na mtoto, tukalala siku mbili gesti, tukarudi. Vikaisha Novemba 2025. Hakuna aliyetuandikia turudie wala tusirudie. Agosti nilikuwa nimesafiri tena na binti yangu wa miezi 4 kwa vipimo vyake peke yake, akapimwa uzito, urefu na mzunguko wa kichwa, akalia sana kisha akalala. Hivyo naye vyake vinaisha Agosti 2026. Kwa hiyo vya kwetu vimekufa, vya mtoto vinakufa, na siku wakiamka watasema rudini wote kwa gharama zenu. Wanaoomba sasa hivi wajue pia kwamba tangu tarehe 21 Agosti 2025 vipimo vinatakiwa viwe vimefanyika kabla ya kutuma maombi. Maana yake saa inaanza kuhesabu hata kabla faili halijafika mezani.

Kazini ilivuja kwamba naondoka. Ikaja nafasi ya kwenda kusoma uuguzi wa wagonjwa mahututi, kwa sifa na kwa zamu yangu ilikuwa yangu. Wakampa mwingine, nikaambiwa "wewe si unaondoka, sista?" Sikuwa na jibu. Naondoka lini? Mwenye nyumba naye kodi anataka ya mwaka, tunamwomba miezi 6, tunamwomba 3, kila mara tunamwambia tunaondoka. Mara ya mwisho alinitazama tu.

Nataka nitende haki. Kanada ina haki ya kuamua inachukua watu wangapi. Oktoba 2024, mwezi mmoja tu baada ya sisi kutuma, walitangaza kupunguza lengo la mwaka 2025 kutoka watu 500,000 hadi 395,000, na la mwaka 2026 ni 380,000. Hapo sina ugomvi, nyumba ni yao. Ugomvi wangu ni kwamba mimi sikujialika. Waliniita wao, wakaniambia wana upungufu wa wauguzi, wakanipa siku 60, wakapokea ada yangu yote siku ileile. Anayemwita mtu kwa haraka namna hiyo ana deni la kumwambia akifika mlangoni asimame au arudi.

Na hili la mawakala lisemwe. Kuna mmoja hapa mjini aliniambia ana mtu ndani, nimpe milioni 1 na nusu "asukume faili". Nilikaribia kumpa, wakuu, nisiwafiche. Nilikuwa nimeshatoa simu. Hakuna anayesukuma. Anayeruhusiwa kukuwakilisha kwa malipo ni wakili au mshauri mwenye leseni ya kule, na majina ya wenye leseni yako kwenye orodha ya wazi ambayo yeyote anaweza kuitafuta. Yule jina lake halikuwepo.

Kilichonisaidia kidogo ni kuomba nakala ya maelezo ya faili langu. Tangu Julai 2022 hata aliye nje ya Kanada anaweza kuomba taarifa zake mwenyewe chini ya sheria yao ya faragha, bila kulipa. Nilipata kurasa nyingi, baadhi zimefutwa kwa wino mweusi. Zilionyesha sifa zangu zimeshapita, vyeti vimekubaliwa, fedha zimekubaliwa. Kilichobaki ni uchunguzi wa usalama, na hapo hakuna maandishi mapya tangu Aprili. Angalau nilijua kosa si langu. Mtu akikwambia ipo njia ya kwenda Mahakama ya Shirikisho ya kule kuomba amri ya kuwalazimisha watoe uamuzi, ni kweli ipo, lakini wakili analipwa kwa dola, na dola zangu ziko wapi nimeshawaeleza.

Kwa mnaoanza, nawaomba kama dada yenu: msiache kazi siku mnapotuma. Msiwaambie watoto. Wazazi waambieni, lakini muwaambie ni miaka miwili, wasiwaulize kila Jumapili. Pasi ya mtoto mchanga na cheti chake cha kuzaliwa vifuatilieni siku za mwanzo kabisa, maana mtoto asipotajwa kwenye faili mnaweza kupoteza haki ya kumchukua baadaye. Na kama bado hamjauza kiwanja, kaeni mfikirie upya, mwulizane kama mnaweza kuishi miaka miwili bila kiwanja na bila pesa yake.

Najua watakuja wa "kaa nyumbani ujenge taifa". Nimejenga. Wodi yangu usiku ina wagonjwa 38 na wauguzi wawili, mmoja wao ni mimi. Nimezalisha, nimefunga maiti, nimenunua glovu kwa mshahara wangu. Mkitaka kunihukumu nihukumuni, ila msiniambie sijafanya kazi.

Ninachotaka kutoka kwenu ni hiki: kama ulialikwa kwenye awamu za afya kati ya Februari na Novemba 2024 na bado hujapata jibu, andika hapa mwezi uliotuma, nchi ulizowahi kuishi, na faili limesimama hatua gani. Usiweke jina wala namba ya faili. Nahisi tuliowahi kufanya kazi nchi za Ghuba, kama Oman, ndio tumekwama zaidi kwenye uchunguzi wa usalama, lakini ni hisia tu, nataka nione kwa wengine. Tukiwa wengi tutaandika barua moja, kwa Kiingereza kizuri, na kila mmoja aitume kwenye faili lake siku moja.

Naingia zamu saa mbili. Nitawajibu kesho asubuhi nikishamwogesha mama.