Naomba ushauri: Yamaha HP-1 za zamani, nyuma ya utando nitie nini?

MwanaChumbageni
Wanajukwaa, salaam. Nipo Tanga mjini na nina hedifoni za Yamaha HP-1, zile zilizotoka mwaka 1976 kwa umbo lililochorwa na Mario Bellini wa Italia. Anayezijua anajua kwamba utando wake, yaani ile ngozi nyembamba inayotetemeka na kutoa sauti, ni bapa, njia ya umeme imechapwa juu yake kwa mzunguko, nao umekaa katikati ya sumaku mbili zenye matundu. Nimesoma kwamba hedifoni za namna hii hutulia zaidi zikiwekewa kitu cha kuzuia mtetemo nyuma ya utando. Swali langu ni moja tu: kati ya pamba, sponji na sufu iliyoshindiliwa, ni kipi kinachofaa kwa hewa yetu ya pwani? Ningependa kazi hii iishe kabla ya Ijumaa.

Kijana wa Makorora
Mtu yuko Tanga halafu anauliza ajazie nini! Kwani katani imekwisha mashambani?

BintiPangani
Kaka, mimi ningekuuliza kwanza unazichomeka wapi. HP-1 zina ukinzani wa umeme wa ohimu 150, na hedifoni za utando bapa za enzi hizo zinahitaji nguvu nyingi kuliko inayotolewa na simu. Tafuta amplifaya yenye nguvu, hata ile ya redio kubwa ya sebuleni, kisha uzisikilize upya. Watu wengi wamechokonoa hedifoni nzima kwa tatizo lililokuwa kwenye simu.

Fundi wa Barabara ya Nane
Ushauri wa dada ni mzuri, ingawa swali lilikuwa jingine. Sponji iondoe kabisa katika hesabu zako. Baada ya miaka hugeuka unga unaonata, na kwa joto na unyevu wetu hugeuka mapema zaidi, kisha unga huo huingia katika matundu ya sumaku na hautoki. Sufu iliyoshindiliwa, yaani feliti, ndiyo inayofanya kazi iliyokusudiwa, kwa sababu hewa hupita ndani yake kwa shida, na ule ugumu wa kupita ndio unaoushika utando usiendelee kucheza baada ya sauti kukoma. Ukiweka nyepesi mno, besi ya juu inavimba na kuvuma. Ukiweka nzito mno, besi inakauka na sauti inakuwa kama ya mtu aliyefungiwa chumbani. Kabla ya hayo yote angalia mito ya masikio. Ikiwa imekakamaa na haishiki vizuri, besi ya chini kabisa huvujia hapo, wala hakuna feliti itakayoirudisha.

Sasa nijibu mawili: kasoro unayoisikia iko pande zote mbili? Na je, umekwisha kuzifungua?

MwanaChumbageni
Ahsante, fundi. Mito ni mizima. Kasoro ni ya jumla tu, ingawa kushoto kunavuma kidogo zaidi. Naomba turudi kwenye swali langu la pamba na feliti.

Mzee wa Santuri
Vijana, msikilizeni fundi. Mimi nilikuwa na Fostex T50RP, nazo ni za utando bapa, na nikashawishiwa kubandika udongo wa kuchezea watoto ndani ya magamba, yale makasha ya kila sikio, ili yawe mazito yasitetemeke. Kwa kweli zilitulia, hata gitaa la besi katika rekodi za bendi ya Atomic Jazz likawa linasimama peke yake. Lakini joto la Februari lilipoingia, udongo ulianza kutoa mafuta, yakaloanisha waya na kitambaa, na mjukuu wangu akasema zinanuka kama darasa la chekechea. Nilizisafisha kwa pamba ya masikio kipande kwa kipande. Kwa hiyo kila unachokitia humo, kwanza kilaze juani siku kadhaa ukione tabia yake.

Fundi wa Barabara ya Nane
MwanaChumbageni, hukunijibu swali la pili. Hedifoni ambayo haijaguswa haianzi yenyewe kuvuma upande mmoja na kunyamaza mwingine.

MwanaChumbageni
Sawa, nimefungua upande wa kushoto. Niliondoa kile kiduara cha kitambaa cha kiwandani, ambacho kilikuwa kimebadilika rangi na kingeondolewa hata hivyo, nikajaza usufi wa mto. Naona nilikuwa na sababu: usufi ni mwepesi, haushiki maji upesi, na sauti za kati upande huo zimekuwa safi kuliko kulia. Siuoni ubaya wa njia hii. Nataka tu kujua kama upande wa kulia nitie usufi au niweke kitu kingine.

Fundi wa Barabara ya Nane
Hapo ndipo ulipo mvumo wako. Usufi uliojazwa kilegelege hufyonza mwangwi ndani ya gamba, ndiyo maana unasikia sauti za kati zimesafika, lakini haushindani na utando kama kilivyofanya kile kiduara. Kiduara chenyewe kiko wapi?

MwanaChumbageni
Kilichanika kilipokuwa kinatoka. Na tafadhali msinielewe vibaya, mjomba mwenyewe aliwahi kusema kwamba hedifoni hizi zimechoka.

BintiPangani
Mjomba yupi tena?

MwanaChumbageni
Alikuwa baharia, alizinunua Japani. Ameziacha kwangu akiwa Mombasa, anarudi Ijumaa. Nilitaka azikute zimekuwa bora.

Ustadhi wa Duga
Ndugu yangu, amana hurudishwa kama ilivyopokelewa. Hata kama ungeifanya ilie kama kinanda cha peponi, mwenye mali hakukuomba. Mpigie simu mjomba leo, kisha ndipo uzungumze habari za feliti.

Mchunguzi
Naomba niwe mkweli. Mwanzo ulisema "nina hedifoni", sasa ni za mjomba baharia. Hujaweka picha hata moja. BintiPangani amezungumzia simu nawe hukusema neno, ingawa HP-1 zina pini nene ya milimita 6.3 isiyoingia kwenye simu yoyote. Nahisi hapa kuna tangazo la biashara lililovikwa kanzu: kesho tutaambiwa mjomba anauza.

MwanaChumbageni
Natumia kiunganishi cha kupunguza pini. Picha siweki, kwa sababu mjomba ana watoto wanaosoma jukwaa hili.

Mchunguzi
Jibu zuri kwa mtu asiye na hedifoni.

Fundi wa Barabara ya Nane
Kuna njia ya kupima. Chukua mita ya umeme, uichomeke kwenye pini, usome kila upande. Hedifoni za kawaida zenye koili, yaani waya uliozungushwa, huonyesha namba iliyo chini ya ile iliyoandikwa. Hizi za utando bapa huonyesha karibu namba ileile, kwa kuwa ukinzani wake haupandi na kushuka sana kwa kufuata sauti.

MwanaChumbageni
Kulia 149, kushoto 151.

Mchunguzi
Na ohimu 150 zilikwisha kutajwa hapo juu. Hata mimi ningeandika hivyo.

Mzee wa Santuri
Kama ametunga, basi ametunga kitu chenye faida, maana nimejifunza habari ya mita. Tuendelee.

Fundi wa Barabara ya Nane
Tuendelee. Upande wa kulia usiuguse. Ndio kielelezo pekee ulichobakiwa nacho. Toa usufi wote wa kushoto, hata nyuzi zilizong'ang'ania kwenye matundu, kwa kibanio cha plastiki, kwa sababu bisibisi ya chuma itavutwa na sumaku na inaweza kuutoboa utando ulio mwembamba kuliko unywele. Usipulize kwa mdomo. Kisha kata duara la feliti nyembamba, ulinganishe na kulia kwa santuri ya mono, yenye sauti ileile pande zote mbili; mimi hutumia taarabu ya Black Star. Sauti ya mwimbaji ikisimama katikati ya kichwa, umefika. Ikitawanyika na besi ikapotea, basi uligeuza waya ulipolehemu. Feliti ukiikosa dukani, tarbushi kuukuu imetengenezwa kwa sufu hiyohiyo.

Kijana wa Makorora
Hedifoni za mjomba zimekwisha, sasa tunaingia kwenye tarbushi ya mjomba.

MwanaChumbageni
Tarbushi ipo, na kwa kweli haivai. Ila usufi sitautoa wote. Nitaacha kidogo pembeni mwa gamba, mbali na sumaku, kwa sababu zile sauti za kati ni nzuri.

Fundi wa Barabara ya Nane
Basi ufunge katika kitambaa cha shashi, na kwanza uombe tarbushi.