Tupeane uzoefu: kuzuru Gujarat, kuanzia Ahmedabad hadi jangwa la chumvi la Kutch

Mzee wa Ramani (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa wanaopanga kwenda Gujarat, magharibi mwa India, kwao Mabohora, Wakachi na Mabanyani wengi wa Zanzibar, Mombasa na Kampala. Anayelijua eneo fulani aweke saa, umbali, viingilio na yanayomkwamisha mgeni. Naanza na ya msingi.

Msimu mzuri ni Novemba hadi Februari. Kuanzia Aprili joto huvuka nyuzi 40, na magofu mengi hayana kivuli. Julai hadi Septemba ni mvua, na jangwa la Kutch hugeuka ziwa.

Mnaotoka Kenya, Uganda au Kongo, cheti cha homa ya manjano ni lazima, na chanjo iwe imetimiza siku 10 kabla ya kufika. Asiye nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6, hata visa ikiwa sahihi. Visa ya mtandaoni inapokewa uwanja wa ndege wa Ahmedabad. Iombeni mapema, na majina yaandikwe yote kama yalivyo kwenye pasipoti.

Gujarat pombe ni marufuku bila kibali. Diu, ambako inauzwa kwa uhuru, haimo katika jimbo hili. Usivuke mpaka na chupa, magari hupekuliwa.

Binti Malindi Mtaani

Ahmedabad ilianzishwa 1411, na mwaka 2017 ikawa mji wa kwanza wa India kuingia orodha ya Urithi wa Dunia. Mji wa kale umegawanyika katika mitaa iitwayo *pol*: geti moja, vichochoro, nyumba za mbao zilizochongwa, na mnara wa kulishia ndege uitwao *chabutro*. Anayeijua milango ya Kigujarati ya Mji Mkongwe, ile yenye vijipande vya mraba na juu iliyonyooka, hapa atakutana na ndugu zake.

Ziara ya miguu yenye kiongozi huanza asubuhi, kama saa mbili, kwenye hekalu la Swaminarayan, Kalupur, na kuishia Msikiti wa Ijumaa wa 1424. Vaa viatu vya kuvuliwa upesi, maana utavivua mara nyingi. Siku ya Ijumaa msiupange msikiti adhuhuri.

Msikosee kuuruka msikiti wa Sidi Saiyyed karibu na Lal Darwaza. Ulijengwa 1572 hadi 1573 na mtu mwenye asili ya Uhabeshi, na madirisha yake ya jiwe lililotobolewa kwa umbo la mti na matawi yanayosokotana ndiyo nembo ya mji mzima. Madirisha hayo yako ukuta wa kibla, yaani magharibi. Kwa hiyo nenda alasiri na usimame ndani, mwanga upenye kutoka nje. Asubuhi utaona jiwe tu. Dirisha la kati limezibwa.

Chakula: Manek Chowk mchana ni soko la vito, usiku linageuka vibanda vya chakula. Fika baada ya saa tatu usiku. Jimbo hili hula mboga zaidi, na mchuzi huwa na utamu wa sukari guru. Anayetaka nyama aulize Bhatiyar Gali, karibu na Teen Darwaza.

Fundi Kitambaa

Patan na Modhera ni safari ya siku moja kwa gari la kukodi. Madereva wengi huanza Modhera kwa sababu ni karibu, takriban kilomita 100. Mimi nashauri kinyume: ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, pitilizeni moja kwa moja hadi Patan, kilomita 125 hivi.

Sababu ni mwanga. Rani ki Vav, kisima cha ngazi cha karne ya 11, kimefunguka upande wa mashariki na kushuka ghorofa saba kwenda magharibi, kina cha mita 27 hivi. Jua la asubuhi hushuka nacho hadi kwenye sanamu za kuta, ambazo kubwa pekee ni zaidi ya 500. Alasiri pande za chini ni giza. Mto Saraswati ulikifukia kwa tope karne nyingi, ndiyo maana nakshi bado ni kali kana kwamba zimechongwa juzi. Ndicho kisima kilichochorwa kwenye noti ya rupia 100.

Modhera ni kilomita 35 hivi kutoka hapo. Hekalu la Jua la 1026 liko wazi, halina tatizo la mwanga. Kaeni kwenye bwawa lenye vihekalu 108 hadi jua lizame. Adalaj, kisima cha 1499, kiko kilomita 18 tu kaskazini ya Ahmedabad, kiwekeni siku nyingine saa sita mchana jua likifika chini.

Mgeni hulipa kiingilio mara nyingi zaidi ya mwenyeji: rupia 600 kwenye maeneo ya Urithi wa Dunia, 300 kwenye mengine ya serikali kuu. Kununua mtandaoni hupunguza kidogo.

Kuhusu patola, kitambaa cha hariri cha Patan: nyuzi za mtande (za urefu) na za mshindo (za upana) zote hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, na sari moja huchukua miezi 4 hadi 6 au zaidi. Bei inaanzia laki kadhaa za rupia. Ukiuziwa "patola" kwa elfu chache, hiyo ni ya mji wa Rajkot, iliyotiwa rangi mshindo peke yake. Angalia pindo: katika ya kweli, uzi wa mtande na wa mshindo wote hubadilika rangi njiani. Ya Rajkot si mbaya, ila ilipiwe bei yake.

Nahodha Mstaafu

Kutch, fanyeni Bhuj makao. Mji ulivunjwa na tetemeko la 26 Januari 2001, na makumbusho ya Smritivan kilimani yanaeleza yote. Tengeni saa tatu.

Jangwa jeupe la Dhordo ni kilomita 80 na kitu. Kibali hutolewa kituo cha Bhirandiyara, kwa hiyo beba pasipoti halisi na nakala. Chumvi hukauka vizuri kuanzia Desemba. Usiku wa mwezi mpevu ndio mzuri kuliko wote, na ndio vyumba huisha miezi kabla. Anayewahi Novemba mara nyingi hukuta tope.

Dholavira, mji wa ustaarabu wa Indus ulioingia Urithi wa Dunia 2021, sasa hufikiwa kwa barabara ya Khavda inayokata chumvi kilomita 30 hivi. Jazeni mafuta Bhuj, bebeni maji. Cha kutazama zaidi ni mabwawa yaliyochongwa katika mwamba: wakazi wa jangwa hili waliishi kwa kukinga maji ya vijito viwili vya msimu.

Mandvi, kilomita 60 kutoka Bhuj. Kwenye kingo za mto Rukmavati bado majahazi makubwa ya mbao yanaundwa kwa mkono. Kutoka bandari hii vyombo vilishuka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, vikarudi na kusi. Ombeni ruhusa kwa msimamizi kabla ya kuingia chini ya mbavu za chombo, misumari imetapakaa.

Mpanda Ngazi

Mlima Girnar, mjini Junagadh: ngazi karibu 10,000. Anza saa kumi alfajiri. Gari la kebo, lililofunguliwa 2020, linafika hekalu la Ambaji tu. Kilele cha Dattatreya bado ni maelfu ya ngazi, kushuka na kupanda tena. Upepo mkali ukivuma kebo husimama, kwa hiyo usipandie kebo ukiwa na treni ya jioni.

Palitana, mlima wa mahekalu ya Wajaini: ngazi zaidi ya 3,000, vitu vya ngozi havipandi, chakula hakiliwi juu, na kabla ya giza wote hushuka. Miezi minne ya mvua mlima hufungwa.

Binti Malindi Mtaani

Naongeza Gir: hifadhi hii na maeneo jirani ndiyo makao pekee ya simba wa Asia porini. Hufungwa 16 Juni hadi 15 Oktoba. Kibali ni cha mtandaoni, kina jina lako na namba ya pasipoti, hakiuziki kwa mwingine. Karibu na hapo, Jambur, wanaishi Wasidi, kizazi cha Waafrika. Ngoma yao wanaiita *goma*, na ni ibada ya walii wao Bava Gor. Ulizeni kwanza, na malipo yaende kwa kundi zima.

Kijana wa Kigamboni

Nina siku 9. Mahekalu ya Somnath na Dwarka niyaweke?

Mzee wa Ramani

Somnath ndiyo, iko karibu na Gir, ila simu na mkanda wa ngozi vinaachwa nje. Dwarka iache, itakula siku mbili. Gawa hivi: Ahmedabad 2, Patan 1, Bhuj na Dhordo 2, Dholavira 1, Mandvi nusu siku kisha barabara ndefu ya kwenda Junagadh, Gir na Somnath zinazobaki. Na siku zako za Ahmedabad zisiangukie Jumatatu kama unataka hekalu la Akshardham la Gandhinagar. Siku hiyo hufungwa.