Kumbukizi ya Maji Maji Songea: nawapeleka watoto, nianzie wapi?

MamaNeema_Tabata

Wanajamvi, habari zenu.

Mwezi wa pili tunakwenda Songea kumsalimia mama mkwe, na mume wangu ameshaamua: safari hii lazima watoto wahudhurie kumbukizi ya mashujaa pale Makumbusho ya Maji Maji, kilele tarehe 27. Yeye ni Mngoni, kwao Peramiho. Mimi Mpare wa Same, haya mambo nayajua kama nilivyoyasoma shuleni: Kinjikitile, maji ya dawa yaliyosemwa yanazuia risasi za Wajerumani, vita 1905 hadi 1907, mtihani umeisha.

Neema yuko darasa la sita, huyo sina shaka naye, historia anaipenda na maswali hayamwishi. Mawazo yangu yako kwa mdogo wake, yuko la kwanza, miaka saba. Pale kuna kaburi la pamoja. Kuna habari ya watu 67 kunyongwa. Kuna habari ya Nduna Songea Mbano, kiongozi wa vita wa Wangoni, kukatwa kichwa. Mtoto ambaye usiku hataki kwenda chooni peke yake nimwambie nini mbele ya mambo kama hayo?

Halafu kuna mihadhara. Mume wangu anataka tukae tusikilize wasomi na wazee, na mimi mwenyewe natamani sana kusikia, lakini najua mtoto wa la kwanza dakika kumi tu ameshaanza kupanda viti.

Aliyewahi kwenda na watoto kwenye shughuli kama hizi, za Songea au makumbusho yoyote, anisaidie. Nataka warudi wamepata kitu, hasa kwa vile huko ndiko kwao.

---

BabaMapacha

Nendeni bila wasiwasi. Wangu walikuwa na miaka mitano. Makaburi hata hawakuyajali, walichokishika ni lizombe, ile ngoma ya Wangoni. Wale wazee wakianza kukanyaga ardhi kwa pamoja watoto wote uwanjani wanatulia wenyewe, halafu wanaanza kuiga. Mpaka leo wakisikia ngoma wananiuliza kama ni "ile ya Songea".

Fikeni asubuhi mapema mpate kivuli, na mbebe makoti ya mvua. Mwezi wa pili Songea mvua haibembelezi.

---

Mlezi_Wetu

Mimi natofautiana kidogo. Wa darasa la sita sawa, lakini wa miaka saba mwacheni kwa bibi. Nafanya kazi na watoto wadogo kila siku, na ninaona wanavyobeba picha moja ya kutisha kwa wiki nzima. Historia haikimbii, atakwenda akiwa na miaka kumi.

---

Mwalimu_Mstaafu_Ruvuma

Mama Neema, karibu Songea. Nimefundisha historia mkoani hapa mpaka nikastaafu, na pale makumbusho nimewapeleka wanafunzi wengi, wadogo kwa wakubwa. Nitaandika kirefu, univumilie, kwa sababu jambo hili liko moyoni mwangu.

Usianzie kaburini. Wageni wengi wakishuka tu kwenye gari wanapelekwa moja kwa moja kwenye kaburi la pamoja. Mtoto anaambiwa hapa wamelala watu walionyongwa, na kuanzia hapo hasikii kingine, yuko na kamba tu kichwani. Woga anaousema Mlezi_Wetu ni wa kweli, na mara nyingi unaanzia hapo.

Anzia ndani, kwenye silaha. Msimamishe mdogo mbele ya ngao. Ngao ya Kingoni ni ya ngozi ya ng'ombe, ndefu, karibu imfunike mtoto wa umri wake kuanzia utosini mpaka miguuni. Muulize: ukiishika hii kwa mkono mmoja, mkono wa pili utashika nini? Atajibu mwenyewe. Muulize tena: je, inazuia mkuki? Na risasi je? Mwache afikiri. Wanafunzi wangu wengine walikuwa wananyamaza kabisa hapo, maana wameshaona vita vyote vilivyokuwa kabla sijatamka lolote.

Kisha mpe safari yao. Hawa watu walitoka kusini mbali, upande wa nchi ya Wazulu, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, wakaja wakiongezeka njiani mpaka kizazi kilichofuata kikafika huku kwetu. Walikuwa na ng'ombe, watoto, nyimbo na ugomvi wao. Mtoto anatakiwa awajue wakiwa hai kwanza.

Halafu majina. Sitini na saba ni idadi, na mtoto wa la kwanza hana anachokifanya na idadi. Mpe watu watatu tu. Nkosi Mputa Gama aliyekuwa mtawala. Nduna Songea Mbano, ambaye mji mzima unaitwa kwa jina lake. Na Nkomanile, mwanamke pekee kati ya walionyongwa. Wazee wanasema ndiye aliyempokea mjumbe aliyeleta maji Ungoni. Naamini Neema atakaa na Nkomanile. Wasichana wangu darasani walikuwa wakimuulizia yeye kuliko nkosi.

Mkifika kwenye kunyongwa, usifiche wala usikoleze. Sema: Wajerumani walitawala hapa, wakawatoza watu kodi na kuwafanyisha kazi kwa nguvu, watu wakakataa, wakapigana, wakashindwa, na tarehe 27 Februari 1906 viongozi wao wakauawa. Kwa mdogo hiyo inatosha. Akiuliza waliuawaje, mjibu kwa neno moja. Asipouliza, usimwongezee. Ndipo muende kaburini, aweke ua, msimame kidogo, mtoke.

Habari ya kichwa mwachie Neema, na umpe yote mpaka ya sasa. Wazee wanasimulia kwamba Nduna Songea aliachwa wakati wenzake wananyongwa, akasema na yeye auawe kama wao; akanyongwa baadaye, ndiyo sababu kaburi lake liko peke yake. Familia yake imekuwa ikiliulizia fuvu lake, linaloaminika lilipelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapahapa Songea, akakaa na wajukuu wa mashujaa, akaomba msamaha. Mtoto wa darasa la sita ana uwezo kabisa wa kuelewa kwamba kesi hii haijafungwa.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma. Shuleni tunafundisha Maji Maji kama habari ya maji na risasi, kisha tunafuta ubao. Njaa hatuisemi. Wajerumani walichoma vijiji na maghala na kuharibu mashamba ili watu wakose pa kusimama. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria waliokufa kuwa 250,000 hadi 300,000, na wengi wao hawakuona bunduki ikielekezwa kwao. Walikufa njaa, na maradhi yaliyofuata njaa. Wakina mama, vikongwe, watoto wa rika la hao wako. Hao hawana sanamu.

Njaa hiyo huikuti kwenye kabati la kioo. Iko kwa wazee. Mama mkwe wako kama ni mtu wa Peramiho na umri wake umesogea, basi bibi yake alikuwepo. Kabla hamjaenda makumbusho, kaeni naye jioni, watoto wakiwepo, umuulize: bibi yako alisema walikula nini mwaka ule? Bibi yangu mimi alitutajia mizizi ya porini, kila mmoja kwa jina lake, na upi unachemshwa mara mbili usije ukakuua. Alitaja pia ngozi za kulalia zilivyolowekwa na kupikwa. Nilimsikiliza nikiwa mdogo kuliko Neema, na sikuota ndoto mbaya, kwa sababu aliyenisimulia alikuwa amekaa mbele yangu, mzima, anapepeta mahindi.

Wala si jambo nililolibuni. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi wake kwenye maeneo ya vita, wakakaa na wazee waliokuwa bado hai, wakaandika. Sehemu kubwa ya tunachokijua kwa upande wetu, na si kwa barua za maofisa wa Kijerumani, imetoka kwenye madaftari yale. Wale wazee sasa wamekwisha. Waliobaki ni waliosimuliwa nao, na ndio akina mama mkwe wako.

---

MamaNeema_Tabata

Shikamoo mwalimu. Nimemsomea mume wangu maneno yako yote, amekaa kimya muda. Anasema mama yake ana miaka 78 na hakuna mtoto wake hata mmoja aliyewahi kumuuliza habari za mwaka ule. Tumempigia jana usiku. Amesema tuje na daftari.

@Mlezi_Wetu ahsante pia, nimekuelewa, ila nadhani tutakwenda naye kwa utaratibu huo wa mwalimu.

Limebaki la mihadhara. Na hapa Dar, kuna pa kuwaandaa kabla ya safari?

---

Mkazi_wa_Sinza

Dar mna pawili, na mtoto wa la kwanza pote anapaweza.

Kwanza Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, kipo tangu miaka ya sitini. Kizuri chake ni kwamba nyumba ni za kuingia. Kuna misonge, kuna tembe, za makabila mbalimbali, ukubwa wake halisi. Milango mingine ni mifupi, baba anainama mpaka magoti yanalia, mtoto anapita wima. Wanangu walilipenda hilo, wakawa wanatukaribisha ndani kama wenye nyumba. Ndani giza, macho yakizoea unaanza kuona pa kulala watu, pa kufunga mbuzi, jiko liko wapi. Kaeni humo muda. Wanaokimbilia kupiga picha nje wanakosa vyote. Mkibahatisha siku ya ngoma, au zile siku ambazo jamii moja inaonyesha chakula chake na mila zake, basi familia nzima inashinda huko.

Pili Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Lile jengo lilifunguliwa 1940. Wengi wanakwenda kwa ajili ya Zinjanthropus, fuvu aliloliona Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, lina umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Watoto wangu walielekea kwenye magari ya viongozi, wakagoma kutoka. Niliwaacha. Jumamosi nyingine walirudi kwa hiari yao na hapo ndipo walipoangalia habari za ukoloni. Ukiwalazimisha kumaliza vyumba vyote siku moja, hutawapata tena.

Weka pia akilini tarehe 18 Mei, Siku ya Makumbusho Duniani. Makumbusho mengi huandaa kitu siku hiyo. Pigeni simu mapema muulize kama kuna shughuli za watoto.

---

Mwalimu_Mstaafu_Ruvuma

Marahaba, Mama Neema. Nimefurahi sana kwa hilo la simu. Mwanzo wa mazungumzo mwacheni mama azungumze Kingoni kama ndiko kunakomjia kirahisi, mume wako awatafsirie watoto. Msimkatize kwa tarehe.

Kuhusu mihadhara: gawaneni. Mdogo akae na mmoja wenu pembeni, mlango ulipo karibu, na akichoka atoke akatazame matayarisho ya ngoma. Hakuna atakayewalaumu. Neema akae mbele na daftari, na kazi yake iwe moja tu: atoke na swali lake mwenyewe, alilolipata kwa bibi. Kwa mfano, kwa nini watu wa njaa hawamo kwenye orodha ya mashujaa. Ukifika muda wa maswali anyooshe mkono. Nimeona mara nyingi wakubwa wanauliza maswali ambayo ni hotuba, mpaka ukumbi unasinzia. Mtoto akisimama na swali fupi, mtoa mada anaweka karatasi chini na kuongea Kiswahili cha nyumbani. Na mzee aliyekuwa amekaa kimya kiti cha nyuma naye anaomba kusema. Hapo ndipo mhadhara unapoanza.

Ninalo ombi kwa wote wanaoandaa shughuli hizi, popote walipo: wapeni wazee nusu ya muda, na muwape kabla ya chakula cha mchana. Mkiwaweka mwishoni, nusu ya watu wameshaondoka na wazee wenyewe wamechoka.

Mkipata nafasi siku nyingine, wapelekeni watoto na kwenye makumbusho ya Mzee Rashidi Kawawa, aliyekuwa Waziri Mkuu, pale Bombambili. Ni nyumba ya mtu waliyekwisha kusikia jina lake, wataona vitu vya kawaida alivyotumia, na haina makaburi ya kumtia mtu hofu.

---

MamaNeema_Tabata

Nashukuru mno. Mama anataka na yeye aje siku ya kilele, anasema hajafika pale siku nyingi. Magoti yanamsumbua. Kuna pa kukaa?

---

Mwalimu_Mstaafu_Ruvuma

Mahema yapo lakini viti vya mbele ni vya wageni rasmi, na vingine vinajaa mapema. Mbebeeni kiti chake cha kukunja na mwavuli. Mkifika kabla ya saa mbili mwelezeni mmoja wa wahudumu kwamba mna mama mzee kutoka Peramiho, watamtafutia mahali karibu na wazee wenzake. Watoto wakae miguuni pake. Ataona watu anaowafahamu, na kila atakayekuja kumsalimia, mwambieni Neema amuulize ni wa ukoo gani.